Msilitenge jiwe na karatasi yake: barua ya wazi kwa wenye funguo za makabati ya madini

Kwa wakurugenzi wa makumbusho, wakuu wa idara za jiolojia vyuoni, na wote mliokabidhiwa mikusanyo ya zamani ya madini,

Waheshimiwa,

Salaam. Mezani hapa ninapoandikia kuna jiwe linaloenea kiganjani. Mgongo wake ni wa kahawia, una vishimo kama sifongo, na juu yake zimeota fuwele za kijani, kila moja kubwa kidogo tu kuliko punje ya mtama. Zimetuna katikati na kukatika bapa juu na chini, mithili ya mapipa. Ni pairomofaiti, madini ya risasi. Chini yake, mahali pasipoonekana jiwe likiwa limesimama, pana doa la rangi nyeupe, na juu ya doa namba iliyoandikwa kwa wino mweusi na mkono uliotulia: 718. Ile saba imekatwa kistari katikati.

Zaidi ya hapo silijui jiwe hili. Nililipata ndani ya sanduku la mawe mchanganyiko lililotoka kwenye taasisi moja, sitaitaja, iliyokuwa ikiondoa stoo yake ya chini ili ipate chumba cha kompyuta. Nilipomuuliza aliyesimamia kazi ile lebo zimewekwa wapi, alinijibu kwa uchangamfu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri: "Yale makaratasi? Yalikuwa machafu, mzee, tumeyatupa. Lakini mawe tumeyaosha yote."

Nitaje ombi langu mapema, asiye na muda aishie hapa. Jiwe lisitengwe na karatasi yake. Mkiliuza, mkilibadilisha na taasisi nyingine, mkilihamisha kabati au mkiliosha, lebo zake zote ziende nalo, hata ile iliyochanika nusu, na namba iliyopakwa juu yake msiiguse.

Najua mnavyotuona. Mkusanyaji akianza kupigania lebo, picha inayokuja kichwani ni ya mtu anayepigania bei. Hamjakosea sana. Jiwe lenye lebo ya mkono wa mtu mashuhuri wa karne ya 18 hupata bei ambayo pacha wake asiye na lebo hawezi kuiota, na wapo kati yetu wanaonunua lebo na kulichukua jiwe kama nyongeza. Hayo tunataniana wenyewe kwa wenyewe. Ila thamani ninayowaandikia si hiyo, na anayeipoteza lebo ikitupwa si mimi. Mimi bado nina fuwele nzuri za kijani za kutazama.

Tazameni jambo hili la 718. Pairomofaiti ya umbo la mapipa ilipatikana kwa wingi Bad Ems, Ujerumani, hata wakusanyaji wakaipa jina la vipipa vya Ems. Fuwele nzuri za madini hayo zilitoka pia Huelgoat kule Brittany, Ufaransa, na Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na milima ya kaskazini mwa nchi hiyo. Migodi hiyo ilishafungwa zamani. Maabara itaniambia kwa uhakika kwamba hii ni risasi, fosfeti na klorini, jambo ambalo nalijua kwa macho. Jina la mgodi maabara haina. Lilikuwa kwenye karatasi, na kwenye daftari ambalo mtu mwenye mkono uliotulia aliliandika mstari kwa mstari, mistari 717, kabla hajafika kwenye jiwe langu.

Kwa asiyezoea mambo haya, jiwe la zamani lililotunzwa vizuri hukaa juu ya rundo dogo la karatasi. Kila mmiliki huongeza ya kwake bila kuondoa ya aliyemtangulia. Ya chini kabisa labda ni kipande kilichokunjwa mara mbili, wino wake umegeuka kahawia. Inayofuata ni lebo iliyochapwa ya mfanyabiashara, na hapo ndipo furaha inapoanza. A. E. Foote wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1895, alihamisha duka lake mara kadhaa, kwa hiyo anwani iliyochapwa kwenye lebo yake inatusaidia kujua jiwe liliuzwa miaka ipi. Kampuni ya Krantz ilianzishwa Freiberg mwaka 1833 na baadaye ikahamia Bonn. Lebo zake nazo zina umri unaosomeka. Mwenye jicho husoma hata nakshi ya ukingo na weupe wa karatasi. Ukizipanga karatasi hizo kwa mfuatano, umepata nasaba ya jiwe: nani alilitoa kwa nani, na kabla ya mwaka upi lazima lilikuwa limeshatoka ardhini. Ondoa karatasi moja ya katikati, mnyororo umekatika, na zile zilizobaki hazitaaminika tena kwa kiwango kilekile.

Mtaniuliza, hayo yanaisaidia nini sayansi? Hapo nitawarudisha mwaka 1801, London. Mkemia Charles Hatchett alikuwa akipitia madini ya British Museum, akavutiwa na jiwe moja jeusi, zito. Lilikuwa limeingia pale pamoja na mkusanyo wa Hans Sloane, daktari aliyefariki mwaka 1753, ambaye vitu vyake ndivyo vilivyoanzisha makumbusho hayo. Kwa karibu miaka 50 hakuna aliyelishughulikia. Hatchett akafungua katalogi ya Sloane, akakuta maelezo mafupi: jiwe zito jeusi, limetumwa na Bwana Winthrop kutoka makoloni ya Amerika. Akakata kipande, akakipima, akagundua ndani yake elementi ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Akaiita kolambiamu, kutokana na Columbia, jina la kishairi la Amerika. Leo tunaiita niobiamu, nayo imo kwenye chuma cha mabomba makubwa ya gesi na kwenye sumaku za mashine za hospitali zinazopiga picha ndani ya mwili.

Angalieni jina lenyewe lilikotoka. Jiwe halikusema "Amerika". Karatasi ndiyo iliyosema. Kama mtu mwenye bidii ya usafi angepita kwenye chumba kile mwaka 1790 na ndoo na brashi, Hatchett angekuta kipande cheusi kisicho na kwao, na huenda asingejishughulisha nacho kabisa.

Wengine mtasema, sisi hatutupi, sisi tunasahihisha. Hili nalo lina hatari yake, na pengine ni kubwa zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Nimewahi kuona orodha ya kompyuta ambamo mawe yote ya zamani yaliyoandikwa "Hungary" yaliingizwa kwenye kisanduku cha nchi ya Hungaria, kisha lebo zikawekwa kwenye bahasha moja kubwa na bahasha ikapotea. Katika lebo za kale, Hungaria ni ufalme. Schemnitz ya lebo hizo ndiyo Banská Štiavnica ya leo, iko Slovakia. Kapnik ndiyo Cavnic, iko Romania. Karani alidhani anarahisisha, kumbe ameihamisha migodi kuvuka mipaka. Jina la kale lingebaki lilivyo na jina jipya likaandikwa pembeni, kusingekuwa na neno.

Wakati mwingine hilo jina la kale lenyewe ndilo lenye habari. Mgodi wa Tsumeb kule Namibia ulitoa madini ya aina nyingi kupita karibu mgodi wowote duniani, hadi ulipofungwa mwaka 1996. Shaba, risasi na zinki za mle zilioza na kuzaa fuwele katika kanda tatu: moja karibu na uso wa ardhi, nyingine mbili chini sana, zilizofikiwa miaka mingi baadaye. Sasa mtu akipata fuwele ya azuraiti, madini ya buluu ya shaba, ya Tsumeb yenye lebo iliyoandikwa "Deutsch-Südwestafrika", anajua imeng'olewa siku za utawala wa Wajerumani, kwa hiyo katika ile kanda ya juu. Mkibandika lebo mpya ya "Namibia" na kuitupa ile, mmetaja nchi sawasawa lakini mmefuta kina.

Ninaitaja lebo hiyo kwa sababu nyingine pia, ambayo wakusanyaji wengi hawapendi kuizungumza. Lebo ni ushahidi wa nani alichukua nini, wapi, chini ya serikali gani. Madini ya uraniamu kama bekerelaiti na kuraiti yalielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyopelekwa Ulaya wakati wa ukoloni wa Kibelgiji. Siku watu wa mahali kama hapo watakapotaka kujua mawe yao yako droo gani, wataanzia kwenye karatasi hizohizo mnazoziona chafu. Taasisi iliyozipoteza itakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Sidai kwamba kila lebo husema kweli. Tuna kovu letu. Arthur Kingsbury alikuwa mkusanyaji wa Uingereza aliyeheshimiwa sana, alifariki mwaka 1968, na mkusanyo wake ukaingia makumbusho ya historia ya viumbe na mazingira ya London. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliupitia upya, wakathibitisha kwamba vielelezo vingi adimu alivyodai kuviokota mwenyewe kwenye machimbo ya Uingereza vilikuwa vimetoka kwingine kabisa. Madini yaliyokuwa yameorodheshwa kwa fahari kama ya sehemu fulani ikabidi yafutwe. Mwenzangu mmoja huutumia mkasa huo kama hoja kwamba lebo hazina maana. Mimi naona kinyume chake. Uongo ule ulifumuliwa kwa kulinganisha: jiwe na jiwe, maandishi na maandishi, tarehe na tarehe. Kama makaratasi ya Kingsbury na ya wakusanyaji wa kabla yake yangekuwa yametupwa, madai yake yangebaki vitabuni hadi leo, maana pasingekuwa na kitu cha kuyapinga.

Wakati huohuo kuna mfano wa Sir Arthur Russell, mkusanyaji mwingine wa Uingereza, aliyefariki 1964. Maisha yake yote aliokoa mikusanyo ya zamani, mara nyingi wenyewe walipokuwa wamekufa na warithi hawajui wafanye nini, na alihifadhi lebo walizoacha. Mkusanyo wake uko London, umetunzwa peke yake bila kuchanganywa na mwingine. Ukishika jiwe lake unashika na mikono ya watu wawili watatu waliotangulia.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye droo, kwa sababu si kila lebo huuawa na mtu. Rafiki yangu anayefundisha chuoni alinikaribisha nimsaidie kutambua mawe. Tulipovuta droo ya tatu ilikwama. Tulipoilazimisha, ilitoka na harufu kali ya kiberiti iliyotufanya tugeuze nyuso. Ndani zilikuwamo pairaiti na makasaiti, zile za njano zinazong'aa ambazo wageni hudhani ni dhahabu. Moja ilikuwa imepasuka vipande vinne, imefunikwa unga wa kijivu na nyuzi nyeupe laini kama nywele za mzee. Unyevunyevu ulikuwa umeila, na madini hayo yakiliwa hutoa tindikali ya salfa. Kisanduku cha karatasi kilikuwa kimegeuka rangi ya makaa. Lebo ilikuwa bado ipo chini ya jiwe. Nilipoigusa kwa ncha ya kidole ikavunjika kama jani kavu la mgomba. Tuliweza kusoma herufi tano tu, "Wheal", neno la watu wa Cornwall kwa mgodi. Migodi ya Cornwall iliyoanza na neno hilo haihesabiki kwa urahisi.

Hakuna aliyefanya kosa pale, ila miaka mingi ya kutofungua droo. Chumba kikizidi unyevu wa asilimia 60 pairaiti huanza kuugua haraka. Dawa yake si ya gharama: lebo iwekwe ndani ya kifuko cha plastiki kisicho na asidi, ikae kando ya jiwe na si chini yake, na mawe ya aina hiyo yapewe kabati kavu la peke yake. Na kwa kuwa nimegusa utunzaji, msiweke madini mekundu ya realga wala prustaiti kwenye taa za maonyesho. Ya kwanza hubomoka kuwa unga wa njano, ya pili hupoteza wekundu wake na kuwa nyeusi, na hakuna fundi wa kuyarudisha.

Nikiri na la kwangu. Nilipoanza kukusanya, nilinunua kipande cha floraiti chenye namba ndogo iliyopakwa pembeni. Niliona inaharibu sura ya jiwe. Nikaloweka, nikachukua mswaki, nikasugua mpaka pakawa safi. Miaka mingi baadaye nilisoma rejista ya mkusanyo mmoja wa zamani na nikakuta maelezo yanayofanana mno na jiwe lile. Sikumbuki ilikuwa namba gani. Nakumbuka tu ilikuwa na rangi nyekundu.

Kuhusu fedha, nawaelewa. Madini hayavuti umati kama mifupa ya dinosau, na kila mwaka bajeti inakuja imepungua. Si kila mara ilikuwa hivyo. Mwaka 1810 Bunge la Uingereza lililipa pauni 13,727 kwa mkusanyo wa madini wa Charles Greville. Washington Roebling, mhandisi aliyemaliza daraja la Brooklyn, aliacha vielelezo vipatavyo 16,000, na mwanawe alipovikabidhi kwa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, aliongeza dola 150,000 za kuvitunza. Mwana huyo alijua kwamba jiwe bila mtunzaji ni mzigo. Leo siwaombi kiasi kama hicho. Kupiga picha lebo na jiwe likiwa kando yake kunahitaji simu na mwanafunzi mwenye subira. Kuskani rejista za mkono na kuziweka wazi intaneti ni kazi ya wiki chache, na wapo wastaafu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, watakaoifanya bila malipo mkiwafungulia mlango.

Rejista hizo ziskaniwe kabla ya chochote kingine. James Smithson, ambaye urithi wake ndio ulioanzisha Smithsonian na ambaye madini ya smithsonaiti yana jina lake, aliacha maelfu ya madini. Januari 1865 jengo la Smithsonian liliwaka, na mawe yakateketea pamoja na sehemu kubwa ya maandishi yake. Mambo ya kale, mtasema. Makumbusho ya taifa ya Brazil kule Rio de Janeiro yaliungua Septemba 2018.

Na kama ni lazima mpunguze, punguzeni. Sina ugomvi na hilo. Droo zilizojaa kwati za kawaida hazimfaidii mtu. Ila zitangazieni kwanza taasisi nyingine za umma, kisha sisi wengine tufuate. Kila jiwe litoke na lebo zake pamoja na nakala ya mstari wake wa rejista, na ninyi mbaki mmeandika limeenda wapi. Vielelezo vilivyotumika kueleza spishi mpya visitoke kamwe. Spishi zinazotambuliwa sasa zimepita 6,000, na kanuni za kimataifa zinataka jiwe la kwanza la kila moja liwekwe makumbusho, yaani kwenu. Kati ya yale ya zamani, yapo ambayo kitu pekee kinachoyatambulisha ni kipande cha karatasi chenye ukubwa wa stempu.

Nirudi kwenye 718. Jiwe hili lilitoka kwa mtu aliyehesabu, na watu wanaohesabu huacha daftari. Daftari hilo huenda liko kwenye kabati la mmoja wenu, limeandikwa jina la marehemu fulani kwenye jalada, na hakuna aliyelifungua kwa sababu mawe yake yalishaondoka. Tafadhali lifungueni. Tafuteni mstari wa 718, muone kama umeandikwa pairomofaiti, au madini ya kijani ya risasi, jina walilolitumia zaidi zamani. Angalieni kama mwandishi huikata saba kistari. Mkiuona, niandikieni jina la mgodi, nami nitalifunga jiwe kwenye pamba na kuwaletea mwenyewe. Malipo sitaki. Ningeomba tu niruhusiwe kuusoma mstari huo kwa macho yangu, na ule wa 717, na ule wa 719.

Wenu,
Mkusanyaji wa madini